Safari ya Baisikeli katika Nchi ya Chai

Safari ni za namna mbili. Iko safari ya haja, ambayo msafiri huitaka iishe kabla haijaanza. Hulala usingizi ndani ya basi, akaamshwa mwisho wa njia, akateremka na mzigo wake bila kujua amepita wapi. Na iko safari ya kutazama, ambayo msafiri hatamani ifike mwisho. Safari ya kwanza hupimwa kwa saa, na ya pili hupimwa kwa mambo aliyojifunza msafiri. Chombo kifaacho kwa safari hii ya pili, ndugu msomaji, ni baisikeli. Mwendo wa miguu ni mzuri, lakini jua huchwa kabla mtu hajaona mengi. Na motokaa huona mengi, lakini hailitazami hata moja.

Nasikia katika nchi za Ulaya watu hutumia likizo zao kutembea kwa baisikeli kando ya mito kama Mosel wa Ujerumani na Loire wa Ufaransa, wakitazama mashamba ya mizabibu yaliyopanda vilimani, na kuonja divai ya kila kijiji. Hilo ni jambo jema, wala si lazima tulionee wivu. Mizabibu tunayo Afrika ya Mashariki, huko Dodoma katika Tanzania. Na hapa kwetu magharibi ya Kenya tuna mmea wetu ambao nao hupenda vilima, nao hutofautiana ladha kwa udongo na mvua ya kila mahali, nao umegeuza sura ya nchi na maisha ya watu. Mmea huo ni mchai. Nilikata shauri kuutembelea kwa siku nne, kutoka Longisa, mji wetu mdogo katika Kaunti ya Bomet, mpaka mji wa Kericho. Njia yenyewe haifiki kilomita mia moja. Dereva wa matatu huimaliza asubuhi moja. Mimi niliigawa mafungu manne kwa makusudi.

Baisikeli yangu ilikuwa ya kawaida, nyeusi, ya chuma kizito, isiyo na gia, ya namna ile ambayo zamani ilibeba maziwa, mahindi, wagonjwa na maharusi katika nchi hii kabla pikipiki hazijaja. Juu ya karia nilifunga blanketi, koti la mvua, pampu, viraka na gundi, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyoganda yenye harufu ya mkaa wa mti. Mama yangu ndiye aliyenipa kibuyu hicho, naye alinipa na neno la kwenda nalo. Yapasa nikueleze kwa nini.

Mama yangu alikuwa mchumaji wa chai. Katika ujana wake aliondoka Longisa, ambako ardhi iko upande wa ukavu na watu hutegemea mahindi na ng'ombe, akaenda kuandikwa kazi katika mashamba makubwa ya Kericho. Alichuma miaka mingi, kikapu mgongoni, akilipwa kwa uzito wa majani. Karo yangu ya shule ilitoka katika vidole vyake. Leo mgongo wake umepinda, wala haukupindwa na uzee peke yake. Aliposikia kwamba naenda kutembea huko, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, wewe unakwenda kutazama. Basi nitazamie jambo moja. Nasikia siku hizi mashine ndizo zinazochuma. Uniletee habari kama mikono bado inatakiwa." Likizo yangu ikawa imepata swali la kujibu.

Siku ya kwanza ni siku ya mito. Upande wa mashariki wa Longisa, kuelekea Mulot na nchi ya Wamasai, hupita Mto Amala. Na mwendo mfupi upande wa magharibi, penye mji wa Bomet, hupita Mto Nyangores. Mito hii miwili ni ndugu. Yote huzaliwa katika msitu wa Mau, yote hushuka kusini, kisha hukutana na kuwa Mto Mara, ule ambao wageni husafiri kutoka pande zote za dunia kuja kutazama nyumbu wakiuvuka. Mara huingia Tanzania, hupita katika Serengeti, na baada ya kilomita zipatazo 395 huishia katika Ziwa Victoria. Nilisimama juu ya daraja la Bomet, nikatazama maji ya rangi ya udongo yakipita chini yangu, nikafikiri jinsi mtu wa Musoma, nisiyemjua wala asiyenijua, anavyonywa maji yaliyopita mlangoni petu.

Kutoka Bomet niliiacha njia kuu kwa muda, nikapitia Silibwet mpaka Tenwek. Huko Nyangores huanguka kutoka juu ya mwamba kwa kishindo, na nguvu ya maporomoko hayo imefanywa umeme unaotumiwa na hospitali ya Tenwek tangu miaka ya 1980. Niliketi juu ya jiwe nikala mkate wangu. Msomaji, ukiyatazama maji yale, kumbuka kwamba taa ya chumba cha upasuaji na kiu ya nyumbu vyategemea kitu kimoja, nacho ni msitu wa Mau. Msitu ndio unaoipokea mvua, ukaiweka, ukaitoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Sehemu kubwa ya Mau imekatwa kwa ajili ya mashamba na kuni na mbao. Na serikali ilipowaondoa watu waliokaa ndani yake, kama mwaka 2009 na tena 2018, jamaa nyingi zilibaki bila makao. Hivyo msitu huo una majonzi pande mbili: majonzi ya miti iliyokatwa, na majonzi ya watu waliofukuzwa. Atakayetatua fumbo hilo kwa haki atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kujenga daraja, na huenda ni mmoja wenu mnaosoma ukurasa huu.

Siku ya pili ni siku ya jasho. Njia ya kwenda Kaplong hupanda na kushuka bila huruma. Katika vilima nilishuka nikaisukuma baisikeli kama mtu anayemwongoza ng'ombe mkaidi, na watoto waliokuwa wakitoka shule walinipita kwa miguu huku wakicheka. Mmoja aliniuliza kama baisikeli ni yangu au naipeleka kwa mwenyewe. Lakini katika mlima huo uliponichosha ndipo nilipojifunza jambo ambalo ndani ya basi sikulijua miaka yote: nilikuwa nikivuka mgongo wa nchi. Nyuma yangu maji yote yalikwenda Mara. Mbele yangu, Mto Kipsonoi upitao karibu na Sotik, na Mto Chemosit utokao upande wa Kericho, huenda magharibi na kuungana na mingine kuwa Mto Sondu. Sondu nao huishia katika Ziwa Victoria. Matone mawili ya mvua yakianguka juu ya mgongo ule, moja hapa na moja pale, huachana kama ndugu waliogombana. Moja huzunguka kwa nyumbu wa Serengeti na jingine huenda kwa wavuvi wa Nyanza, kisha hukutana tena ziwani na kuanza pamoja safari ya Mto Naili. Jiografia niliisoma darasani, lakini miguu yangu ndiyo iliyonifahamisha.

Kutoka Kaplong nchi ikaanza kubadilika rangi. Mahindi yalipungua, na kijani cha chai kikaanza kutokea. Kwanza kama kiraka cha nguo, kisha kama nguo nzima. Karibu na Kapkatet gurudumu la nyuma lilipata pancha. Fundi mmoja chini ya mti alilishughulikia, na wakati akisugua mpira kwa msasa niliona ng'ambo ya njia kibanda cha kuezekwa mabati, na watu wamepanga foleni na vikapu vyao. Kilikuwa kituo cha kununulia majani. Karani alikuwa na mizani yake, na kila mtu alimwaga majani mezani ili yachambuliwe kabla ya kupimwa. Mama mmoja wa makamo alikuwa amekwisha kupimiwa, ameketi juu ya kikapu kitupu. Nilimwendea.

"Chamgei, mama."

"Chamgei mising, mwanangu. Baisikeli imekuchosha wewe, au wewe umeichosha?"

"Tumechoshana, mama. Lakini nina swali nililopewa na mama yangu mzazi. Naye alikuwa mchumaji. Anauliza kama mikono bado inatakiwa."

Alicheka, akaikunjua mikono yake akanionyesha. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa majani, na mistari ya viganja ilikuwa kama imechorwa kwa wino. "Mwambie hapa kwetu bado inatakiwa," akasema. "Shamba langu ni dogo, mashine ni ghali. Lakini watoto wangu hawaitaki kazi hii, wala siwalaumu. Nimewasomesha ili waikimbie."

"Na wewe mama, utafanyaje?"

"Mimi nangoja bonasi," akajibu, na wote waliokuwa karibu wakacheka. Wengine kwa furaha, wengine si kwa furaha.

Yafaa nikufafanulie kicheko hicho. Mkulima mdogo wa chai hulipwa mara mbili: kila mwezi hupata malipo ya kwanza kwa kila kilo ya majani aliyoleta, na mwisho wa mwaka wa chai hupata bonasi kwa kadiri kiwanda chake kilivyouza. Bonasi ndiyo huezeka nyumba, ndiyo hulipa karo, ndiyo hununua ng'ombe. Na mara nyingi wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hupata bonasi ndogo kuliko wenzao wa mashariki ya Bonde, jambo ambalo huwatia uchungu, maana jasho lina chumvi ileile pande zote mbili.

Mama yule alinipeleka shambani mwake, akanifundisha kuchuma. Huchumi ovyo. Unatafuta kichipukizi na majani mawili yaliyo chini yake, unayavunja kwa kidole gumba na cha shahada, unayatupa nyuma kikapuni bila kutazama, na mkono mwingine umekwisha kushika mengine. Majani makuukuu huharibu chai, na kichipukizi kichanga mno hupoteza uzito. Baada ya siku saba, au kumi, au kumi na nne, kichaka kimechipuka tena, nawe unarudi. Mchai ukiachwa huwa mti mrefu; hukatwa kila baada ya miaka michache ili ubaki kimo cha kiuno, nao huweza kuishi na kuzaa kupita umri wa aliyeupanda. Nilichuma kwa nusu saa. Mama yule aliyatazama majani yangu, akatoa yaliyofaa, na yaliyobaki akawapa mbuzi.

Siku ya tatu niliingia Litein, na kwa ruhusa nikakiona kiwanda kikifanya kazi. Majani hutandazwa kwanza juu ya vitanda virefu vyenye kupulizwa hewa, yakanyauka na kulegea. Kisha hupitishwa katika magurudumu yenye meno, yakakatwa na kusagwa mpaka yawe kama unga mbichi wa kijani. Halafu huachwa yapate hewa. Na hapo, mbele ya macho yako, kijani hugeuka kuwa rangi ya shaba, na harufu ya nyasi hugeuka kuwa harufu unayoijua tangu utotoni. Ukichelewa, chai huharibika. Ukiharakisha, huwa chungu. Mwisho hukaushwa kwa joto, hupepetwa, na kugawanywa kwa ukubwa wa punje. Kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai. Magunia huenda Mombasa, ambako huuzwa kwa mnada na kupakiwa merikebuni. Kenya ni miongoni mwa nchi za kwanza duniani kwa kuuza chai nyeusi ng'ambo. Hata hivyo mama wa Kapkatet hainywi ile nzuri kuliko zote aliyoichuma.

Mmea huu haukuwa wetu tangu asili. Uliletwa kutoka Bara Hindi na kupandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni ya Kiingereza yakafungua mashamba makubwa Kericho. Ardhi waliyopewa ilikuwa ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni iliichukua, na wenyewe wakageuzwa vibarua au wakasukumwa pembeni. Mwaka 1934 jamaa za ukoo wa Talai, waliodhaniwa kuwa viongozi wa upinzani, zilihamishwa kwa nguvu mpaka Gwassi, kando ya ziwa. Kwa muda mrefu Mwafrika aliruhusiwa kuichuma chai lakini si kuipanda. Mlango ulifunguliwa polepole katika miaka ya 1950. Na mwaka 1964, baada ya uhuru, likaundwa shirika la KTDA, ambalo mwaka 2000 liligeuzwa kuwa kampuni ya wakulima wenyewe. Kwa hiyo kila kiraka cha chai nilichokiona kutoka Kaplong mpaka Litein ni habari ya watu waliopata ruhusa ya kupanda katika nchi yao wenyewe. Jambo hilo nililitafakari sana, nikaona kwamba uzuri wa nchi haukamiliki mpaka mtu ajue bei yake.

Siku ya nne nilivuka Mto Chemosit, nikapanda kuelekea Kericho, na viraka vikatoweka. Yakaanza mashamba makubwa. Hapa kijani hakina mwisho wala mpaka. Kimelazwa juu ya vilima kama zulia, kimekatwa sawasawa, na katikati yake miti mirefu ya mikaratusi imesimama ikingoja kuwa kuni za viwandani. Ni uzuri mkubwa. Nilisimama mara nyingi, na si kwa uchovu.

Kisha nikaziona mashine. Watu wachache walikuwa wameishika moja yenye kisu kirefu, wanatembea nayo juu ya michai, na majani yanaruka ndani ya mfuko. Safu ambayo zamani ingehitaji wachumaji wengi ilimalizwa kabla sijamaliza kunywa maji. Mambo haya yameleta ugomvi mkubwa: Mei 2023 watu wenye hasira walichoma mashine za kuchumia chai huko Kericho. Wenye mashamba husema kwamba gharama zimepanda, na bei ya chai katika soko haipandi nazo. Wasipotumia mashine watafunga. Wachumaji husema kwamba kazi ikiondoka, nyumba, shule na duka vitaondoka nayo. Nilizungumza na kijana mmoja aliyekuwa akiiendesha mashine. Aliniambia kwamba mama yake alikuwa mchumaji katika shamba hilohilo, akasimamishwa kazi, na sasa mshahara wa mwanawe ndio unaomlisha. Hakuwa na kiburi, wala hakuwa na haya. Alisema, "Kazi ya mama ilimvunja mgongo. Kazi yangu inanitia uziwi. Nani kati yetu amepata nafuu?"

Sikuweza kumjibu, maana wote wawili wana haki. Aliyeona mgongo wa mamaye hawezi kusema kwamba kikapu kilikuwa neema tupu. Na aliyesomeshwa kwa kikapu hicho hawezi kufurahi kukiona kimetupwa. Mashine si adui, kama vile jembe la ng'ombe halikuwa adui wa jembe la mkono. Lakini faida ya mashine ikiingia mfuko mmoja, na hasara yake ikaingia nyumba mia, hapo dhuluma imekuwapo, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Niliingia Kericho saa nane, na mvua ikaniingilia saa tisa. Katika mji huo mvua ina zamu yake mchana kama mlinzi. Ilikuja na mawe meupe yaliyopiga mabati kwa kelele nyingi, na mkulima akisikia kelele hiyo moyo wake husinyaa, kwa sababu mawe hupasua majani machanga. Nilijificha katika mkahawa karibu na soko, nikaagiza chai ya maziwa. Niliinywa polepole kuliko nilivyopata kunywa chai maishani mwangu, maana sasa nilikijua kila kilichokuwamo kikombeni: mvua ya Mau, kidole gumba cha mama wa Kapkatet, shaba ya Litein, na kelele ya mashine ya kijana yule.

Nilirudi kwa basi, na habari nikazifikisha. Nilimwambia mama kwamba katika mashamba madogo mikono bado inatakiwa, na katika mashamba makubwa inatakiwa michache. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mashine ni hodari, sikatai. Lakini haina mtoto wa kusomesha." Kisha akaniuliza kama kibuyu chake nimekirudisha kizima.

Nawe kijana unayesoma, likizo yako ikifika, huna haja ya kungoja fedha nyingi wala nchi ya mbali. Azima baisikeli. Kagua breki kabla ya kupanda mlima, maana baada ya kuupanda utateremka. Ondoka alfajiri, upate kujikinga mchana kabla ya mvua. Amkia watu kwa lugha yao kabla ya kuuliza jambo, na mkubwa akianza kusema, usimkatize. Ukifika penye mto, uliza unatoka wapi na unakwenda wapi. Ukifika penye shamba, uliza ni la nani, lilikuwa la nani, na nani analilima. Si maswali yote yatakayopata majibu ya kukupendeza, wala si yote yatakayopata majibu. Lakini nchi yako itaacha kuwa ramani ya ukutani, itakuwa watu unaowajua. Na siku utakapopewa cheo cha kuamua jambo juu ya msitu, au mto, au kazi za mikono, utawakumbuka watu hao kwa nyuso zao kabla hujatia sahihi.